Usiku wa Kuamkia Jumatano

Bei hubadilika Jumatano ya kwanza ya mwezi,
saa sita na dakika moja usiku,
saa ambayo macho wazi ni ya mlinzi,
ya mwenye mgonjwa,
na yangu.

Tangu Ijumaa mshale umelala kwenye robo.
Nauangalia kama mtu anavyohesabu siku za homa:
Tabata hadi Kariakoo, kurudi kwa Buguruni
kama foleni itakuwa ya kiungwana.
Taa ya njano ikiwaka, najua bado lita tano.
Labda nne.
Raum yangu ni mwongo, ila ni mwongo niliyemzoea.

Ofisini Masanyiwa kasema itapanda mia mbili.
Duka la vipuri wanasema mia tatu na kitu.
Binamu wa Tusekile, aliyewahi kufanya kazi bandarini
mwaka asiopenda kuutaja,
kasema itashuka, ngojeni,
meli iko nje inasubiri kushusha.
Huyo ndiye tuliyemwamini mwezi uliopita.

Nimegeuza ankara ya maji, nyuma nimeandika:
lita thelathini mara mia mbili, elfu sita.
Elfu sita ni nyanya za wiki na vitunguu vyake.
Ni uniti kumi na sita za luku.
Ni sare ya shule. Hapana, ni soksi za sare.
Tusekile kanitazama juu ya miwani.
"Na hiyo tisini ya kujazia unaitoa wapi?"
"Ya gesi."
"Mtungi ukiisha nipikie petroli?"
Kuna maswali ambayo mume huyajibu
kwa kutafuta funguo.

Saa nne usiku foleni ya sheli imeshavuka daraja.
Tumezima injini wote, tunasukuma kwa mikono,
hatua tatu, breki, hatua mbili, breki;
mtu tuliyekuja kununulia mafuta
ndiye anayetoka jasho.
Jamaa wa Noah nyeupe kanisaidia kusukuma,
nami nikamsaidia, hatukuulizana majina.
Mama mmoja ana kidumu cha jenereta,
samaki wake wako kwenye friza huko Kinyerezi,
na mlinzi anapiga kelele, "Vidumu pembeni!"
na mama anasogea pembeni
sentimita kumi.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili
nimefika kwa dada wa pampu.
Nyamizi, jina limeshonwa kifuani,
macho mekundu, hana haraka na mtu.
"Ya shilingi ngapi?"
Nikasema neno nililolisahau tangu mwaka juzi:
"Jaza."
Akanigeukia aniangalie vizuri.

Asubuhi redio ikatangaza.
Imepanda.
Shilingi arobaini na moja.
Nikarudia ankara ya maji, nikazidisha mara mbili
nikidhani mkono umekosea:
elfu moja mia mbili na thelathini.
Soda, na chenji ya peremende.

Tusekile hakusema kitu.
Alikiweka kikombe mezani kwa upole
ambao ningependelea matusi.

Gesi iliisha Ijumaa, wakati maharage yakiwa nusu.
Tukaazima jiko la mkaa kwa mama Upendo.
Nami sokoni nimekwenda kwa miguu,
kazini kwa miguu hadi kituoni,
msibani Segerea nimeomba lifti,
maana tangi lililojaa
nani ana moyo wa kulianza?

Usiku wakilala natoka na funguo.
Nakaa kwenye usukani, nageuza swichi mara moja tu,
isiwake,
niuone mshale ukipanda taratibu mpaka juu,
kama mtu anayefunua sufuria la wali usiku wa manane,
si kwa kula. Kwa kuona.

Jana mlango wa abiria ukafunguka.
Lusajo, na shuka lake mabegani, akapanda,
akafunga mkanda.
"Baba, tunaenda wapi?"
"Hatuendi popote."
Akauangalia mshale, akaniangalia.
"Lakini yamejaa."
"Ndiyo," nikasema. "Yamejaa."
Tukakaa.